Usimwambie Baba

Doreen Haskins alimkuta Reino nyuma ya ukumbi wa mazoezi, ameinama, mkono mmoja umeshika ukuta, anatapika juu ya theluji.

Mkononi Doreen alikuwa na sambusa kubwa ya nyama na viazi, ile wanayobeba wachimba chuma wa Michigan kaskazini, bado ya moto ndani ya kitambaa. Alikuwa amekuja kumfurahisha. Sasa alisimama pale kama mtu aliyefungua mlango usio wake.

"Reino."

Kijana akageuka haraka mno, akayumba, akaushika tena ukuta. Alikuwa mrefu, nywele nyeupe kama pamba, nywele za Wafini waliomzaa. Alijilazimisha kutabasamu.

"Dori. Usinikaribie, nanuka."

"Unaumwa tangu lini?"

"Siumwi. Nimekula samaki mbovu bwenini."

"Leo bwenini hakukuwa na samaki."

"Basi nimekula kitu kilichofanana na samaki."

Hakucheka. Alimsogelea, akamshika kidevu, akamgeuzia uso kwenye mwanga. Reino akafumba macho kama amemwagiwa mchanga.

"Ni tangu Jumamosi," Doreen akasema polepole. "Tangu ulipogongana na lile jitu la timu ya wageni."

"Lile jitu lilikuwa na shingo kama gogo, ulilionaje?"

"Reino, nakuuliza."

"Kichwa kinaniuma, basi. Timu nzima vichwa vinatuuma. Tumefungwa mechi zote tangu majani yaanze kupukutika, nani asiumwe na kichwa?"

"Umemwambia daktari?"

"Nimwambie ili iweje? Anitoe?" Sauti yake ikashuka. "Dori, nisikilize. Wazee wa bodi ya chuo wamemwambia baba yako ashinde mechi moja tu, hata moja, la sivyo afungashe. Imebaki hii ya keshokutwa na Mount Selby. Mimi nikikaa nje, atacheza nani? Clifford? Clifford akishika mpira utadhani ameshika paka aliyelowa."

"Acha acheze Clifford."

"Halafu? Mfungashe mwende zenu, unitumie kadi ya Krismasi?"

Hapo ndipo palipomuuma Doreen. Tangu Septemba, Reino alipoanza kuitwa kula nyumbani kwa kocha siku za Jumapili, macho yake yalikuwa yanamtafuta juu ya bakuli la viazi, na ya Doreen yalikuwa yanakubali kutafutwa. Hawakuwa wameambiana mengi. Lakini wiki mbili nyuma, kwenye ngazi za maktaba, Reino alikuwa amemwambia kwamba akimaliza chuo ataomba kufundisha timu mahali fulani, na kwamba nyumba ya kocha huwa inataka mwenyewe, mama wa nyumba. "Nyumba inataka mwenyewe," alisema, akaona haya, akakimbia.

"Niapie," Reino akasema sasa. Vidole vyake vya baridi vilikuwa shavuni kwa Doreen. "Usimwambie baba."

"Usinifanyie hivyo."

"Ni Jumamosi moja tu, mpenzi wangu. Baada ya hapo nitalala mwezi mzima, nitakunywa dawa zote, nitamwona kila daktari unayemtaka. Niapie kwa Mungu."

Hakuwahi kumwita mpenzi kabla ya siku hiyo. Doreen akaapa.

*

Nyumbani alimkuta mama yake jikoni anavifunga vyombo kwa magazeti.

Bi. Thelma Haskins alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye mikono myepesi. Sahani zilikuwa zinapita mikononi mwake kama karata. Nje ya dirisha, kwenye bustani ya mbele, kibao kilikuwa kimechomekwa kwenye theluji: NYUMBA INAUZWA. Kilikuwa cha tatu msimu ule. Nyumba yenyewe ilikuwa ya chuo, haikuwa na wa kuiuza. Lakini mji wa Brackett ulikuwa na watu wenye mbao, rangi na hasira, na hawakuwa na njia nyingine ya kumwambia kocha wao wanavyomfikiria.

"Mama, mechi bado haijachezwa."

"Sahani hazijui hilo." Akafunga nyingine. "Nani kakutia hofu? Uso umekuwa kama unga."

"Baridi tu."

"Baridi ya huyo kijana wa Kifini?"

Doreen akavua glavu polepole, kidole kimoja kimoja.

"Mimi sina ubaya naye," mama akaendelea. "Ana adabu. Anaosha sahani bila kuambiwa. Angekuwa anasomea kuuza viatu ningekushonea shela mwenyewe. Lakini anataka ukocha, Doreen. Nimemsikia anamwambia baba yako, na baba yako amefurahi utadhani amepata mtoto wa kiume."

"Na kama namtaka?"

"Basi keti nikwambie unachokitaka. Mtu wa mpira akishinda, analala na mpira. Akifungwa, analala na mpira. Wewe unaachiwa ukingo wa kitanda. Wewe umezaliwa Iowa, umeota meno Kansas, umejifunza kusoma Nebraska. Umewahi kuwa na rafiki zaidi ya misimu miwili? Chakula chako kinategemea miguu ya watoto wa watu. Mtoto wa mtu akiteleza kwenye tope, wewe unahama. Ndiyo maisha unayoyataka?"

Maneno yalikuwa yamemfika Doreen kwenye meno: mama, Reino ameumia. Mlango wa mbele ukafunguliwa, upepo ukaingia, na baba akaingia pamoja nao.

Kocha Orville Haskins alikuwa na mwili mkubwa ulioanza kulegea. Lakini leo macho yalikuwa yanang'aa. Alimbusu mkewe, akaiba kipande cha jibini, akazitazama sahani zilizofungwa, akajifanya hakuziona.

"Thelma, nimepata njia. Selby wanalinda katikati kama ngome, lakini pembeni ni wazi kama ghala lisilo na mlango. Reino atajifanya anampa mtu mpira, kumbe anao mwenyewe, halafu anakata kulia. Kulia tu! Yule kijana ataniokoa, mke wangu. Nakwambia ataniokoa."

"Mungu akipenda," mama akasema kwa ukavu, akaendelea kufunga.

"Dori, mbona huli?"

"Nimeshiba, baba."

*

Ijumaa mchana walikutana kwenye mkahawa wa chuo, pembeni, mbali na dirisha. Reino ndiye aliyechagua kukaa mbali na dirisha. Doreen alileta kahawa, akamkabidhi kikombe upande wa kulia. Reino akanyoosha mkono. Vidole vikafumba hewa, karibu kabisa na kikombe lakini si kwenye kikombe, na kahawa ikamwagika mezani, ikachuruzika hadi kwenye sketi yake.

"Umekiachia mapema," Reino akasema.

"Sikukiachia mapema."

"Dori, umekiachia."

Doreen akamtazama. Jicho lake la kulia lilikuwa wazi, la buluu, zuri kama siku zote. Lakini lilikuwa linatazama kama dirisha la nyumba ambayo watu wametoka.

"Ufumbe jicho gani ndipo unione vizuri?" akauliza kwa sauti ndogo.

Reino akaanza kufuta meza kwa kitambaa. Alifuta palepale, palepale, pasipo na kahawa.

"Umeniapia," akasema.

Usiku huo usingizi haukumjia Doreen. Kulikuwa na mizani kifuani mwake. Upande huu baba, mwenye miaka hamsini na mmoja, asiyejua kazi nyingine. Upande huu yeye mwenyewe, nyumba inayotaka mwenyewe, na kijana aliyemwita mpenzi mara moja tu. Upande ule kichwa kimoja cha mtu. Alishangaa kwamba mizani ilichukua muda wote huo kulala upande mmoja.

*

Jumamosi asubuhi baba alikuwa amevaa tai, anakata yai.

"Baba, Reino hayuko sawa."

"Nani yuko sawa leo? Tumbo langu mimi linapiga ngoma."

"Anatapika, baba. Tangu mechi iliyopita. Mwanga unamuumiza. Jicho la kulia halioni vizuri. Jana nilimpa kikombe akashika hewa. Aliniapisha nisikwambie, na mimi nimekwambia."

Uma ukabaki hewani. Kocha Haskins alitazama yai lake, akatazama dirishani kile kibao cha watu, akatazama tena yai. Kisha akauliza, bila kumwangalia binti yake:

"Nani mwingine anajua?"

Swali lile lilimshuka Doreen mgongoni kama maji ya barafu. Baba hakuuliza mtoto wa watu yuko wapi. Hakuuliza anaendeleaje.

Kwenye karo, mama akafunga bomba la maji.

"Orville."

"Nimeuliza tu, Thelma."

"Nimekusikia ulivyouliza."

Kocha akaweka uma chini. Alisimama, akachukua kofia yake, akaivaa, akaivua, akaivaa tena. Akatoka. Mlango ukafungwa nyuma yake. Yai lilibaki na kidonda chake cha njano.

"Atamchezesha?" Doreen akauliza.

Mama akajifuta mikono kwa aproni, taratibu. "Sijui, mwanangu. Nimeishi na mwanaume huyu miaka yote hii, na leo sijui." Akalifungua fundo la aproni. "Nipe koti langu. Nilisema msimu huu siendi tena uwanjani, lakini leo naenda. Kama atamwingiza yule mtoto, nataka amwingize huku ananiangalia usoni."

*

Majukwaa yalijaa. Kufungwa nako kuna wapenzi wake. Watu walikuja kwa wingi kumwona kocha akizikwa. Bendi ilipiga, mashavu ya wapiga tarumbeta yamekuwa mekundu kwa baridi, na timu ya Brackett ikatoka mbio kutoka chini ya jukwaa.

Doreen alihesabu migongo. Reino alikuwemo, amevaa jezi, mabega mapana kwa vile vikinga mwili vyao, kofia ngumu mkononi.

"Mama, amemvalisha."

"Nimeona."

Reino aliinua uso, akatafuta kwenye umati, akampata. Ndipo Doreen alipojua kwamba Reino ameshaambiwa. Halikuwa lile jicho la Jumapili mezani. Alimtazama kama mtu anayemtazama aliyemfungia mlango nje usiku wa theluji, kisha akageuza uso, akaenda kukaa kwenye benchi.

Clifford ndiye aliyeingia.

Kipindi cha kwanza kilikuwa mateso. Mpira wa kwao ni ule wa kubebwa kifuani, watu wakigongana kama fahali, na kila walipogongana Doreen aliyafumba macho yake, ingawa aliyekuwa chini hakuwa Reino. Selby wakafunga. Wakafunga tena. Watu wakaanza kuimba jina la ukoo la Reino: "Lah-ti! Lah-ti!" Miguu ikapiga mbao, jukwaa likatetemeka.

"Haskins, mpumbavu wewe!" mwanaume mmoja akapiga kelele nyuma yao. "Ingiza Mfini! Kwa nini unamficha? Ni mkweo?"

Mama akageuka. "Bwana, unayemtukana ni mume wangu. Endelea tu, lakini mate yako yanafika kwenye kofia yangu."

Halafu, kama kwa miujiza, paka aliyelowa akatulia mikononi mwa Clifford. Akachomoka kulia, palepale baba aliposema ni wazi, akakimbia huku mdomo wazi kama anayeita mama yake, akavuka mstari. Uwanja ukalipuka. Bao la mpira huu ni pointi sita, na teke la baada yake moja, kwa hiyo Selby bado waliongoza. Kumi na tatu kwa saba. Na dakika za mwisho Brackett wakaupata mpira tena, wakasogea, wakasogea, hadi wakawa karibu kabisa na mstari wa Selby. Wakifunga hapa na teke likaingia, wameshinda. Nyumba inabaki. Mapazia yanabaki. Yeye anabaki.

Clifford alikuwa amepiga magoti, anahema, damu puani.

"Lah-ti! Lah-ti! Lah-ti!"

Kocha Haskins aligeuka, akatembea kuelekea benchi. Reino akasimama kabla hajafika, kofia ngumu tayari inaelekea kichwani. Doreen alihisi vidole vya mama vinamwingia kwenye mkono kupitia koti.

Wale wawili walizungumza. Hakuna aliyesikia. Reino alionekana anabisha, anapiga kifua chake. Baba akaweka mkono begani kwake, na kwa mkono wa pili akaichukua ile kofia ngumu, akaibana kwapani, akageuka, akarudi kwenye mstari. Alisimama nayo pale, chini ya matusi ya uwanja mzima, kama mtu aliyebeba mkate wake akitoka sokoni.

Mama akauachia mkono wa Doreen. "Huyo ndiye niliyeolewa naye," akasema.

Clifford akaupokea mpira, akajitupa mbele. Vijana wa Selby wakamwangukia wote. Mwamuzi alipowaondoa mmoja mmoja, mpira ulikuwa chini ya tumbo la Clifford, na mstari ulikuwa mbele ya pua yake.

Filimbi ikalia.

*

Doreen alimkuta Reino chini ya jukwaa, ameketi juu ya kreti, watu wakishuka juu ya vichwa vyao kama ngurumo. Reino akasimama alipomwona.

"Uliapa."

"Niliapa."

"Kwa Mungu, Dori!"

"Nitaapa tena, na nitavunja tena."

"Hata huoni haya!" Sauti yake ilipasuka. "Ulikiona kile kimstari? Mimi ningepita. Mimi ningemruka yule mnene. Sasa mwenyekiti wa bodi amesimama getini anamngoja baba yako. Umeridhika? Umeniuza mimi, na wewe mwenyewe umejiponza."

"Bora niondoke nikijua unapumua."

"Usinililie! Wewe usinililie." Akapangusa uso kwa mkono wa jezi. "Tumefungwa ngapi?"

"Kumi na tatu kwa saba."

"Kumi na tatu kwa saba! Kwa timu ile! Unajua baba yako aliniambia nini pale? 'Kaa chini, mwanangu. Huu ni mpira tu.' Mpira tu! Mtu ambaye mpira ndio unga wake. Nikamtukana, Dori. Nimemtukana mzee wako mbele ya wenzangu, na yeye akaniwekea mkono begani kama mtoto." Alikuwa analia sasa, waziwazi. "Clifford naye analia. Sijawahi kumwona Clifford analia. Tumefungwa ngapi?"

Doreen akamtazama machoni.

Juu yao miguu ya mwisho ilipita.

"Mbona unaniangalia hivyo?" Reino akauliza. Hasira ilikuwa bado usoni, lakini chini yake kitu kilianza kusogea. "Dori. Nimeshauliza?"

"Umeshauliza."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi, mpenzi wangu. Nimekujibu, na ukalirudia jibu."

Reino akakaa kwenye kreti kwa uzito, akatazama mikono yake kama amekabidhiwa mikono ya mtu mwingine. Kisha akainyoosha, akiitafuta ya Doreen hewani, na Doreen akaisogeza ya kwake pale vidole vilipokuwa vinatafuta.

"Naogopa," akasema.

"Najua. Twende."

*

Daktari wa uwanjani alimmulika machoni kwa kurunzi, akakunja uso, akasema apelekwe hospitali ya mjini bila kuchelewa, na njiani asiachwe alale. Kocha Haskins akaleta gari. Getini mwenyekiti wa bodi alikuwa amemshika mkono, akasema maneno machache, akamwachia. Hakuna aliyehitaji kuuliza yalikuwa yapi. Baba aliendesha akiwa ameinama mbele, kofia imemtoka hajui iko wapi, theluji ikimjia kwenye kioo.

Mama alikuwa kiti cha mbele. Nyuma, kichwa cha Reino kilikuwa kwenye mapaja ya Doreen, mbele ya wazazi wake wote wawili. Siku nyingine yeyote kati yao angekohoa. Mama alivua mtandio wake wa sufu, akaupitisha nyuma bila kugeuka.

"Mfunike macho. Taa za magari zinamuumiza."

"Asante, mama."

"Usinishukuru. Nimempa mtandio, sijampa binti."

Gari likateleza kidogo kwenye kona, baba akalirudisha. Kope za Reino zilikuwa zinashuka. Doreen akamtikisa.

"Usilale. Niambie, jina lako nani?"

"Reino Johannes Lahti."

"Mama yako?"

"Aino. Anapika vibaya kuliko mama yako."

"Tuko mwaka gani?"

"Hamsini na tatu. Mwaka wa kufungwa."

Mbele, mabega ya baba yakatikisika. Haikujulikana kama ni kicheko. Halafu Reino akanyamaza. Doreen akaushusha mtandio. Macho yalikuwa wazi, lakini yalikuwa yanamtazama bila chochote ndani.

"Reino. Mimi ni nani?"

Hakuna jibu. Mama akageuka kitini. Baba akakanyaga mafuta.

"Reino, tafadhali. Niangalie. Mimi ni nani?"

Midomo yake ikasogea. Alikuwa anatafuta, mbali sana, kama mtu anayepapasa gizani akitafuta kibiriti.

"Wewe," akasema mwishowe, "ni yule msaliti aliyemwambia baba yake."

Doreen akabana kilio kwa kiganja. "Na nani mwingine?"

"Na mwingine pia." Akafumba macho, na vidole vyake vikakaza kwenye vya Doreen, kwa nguvu, kama vya mtu mwenye afya. "Ngoja kwanza. Hilo nitakuambia hasira ikiisha."

"Usilale!"

"Silali," akasema. "Niulize tena."